Gari Laini

Kwa muda mrefu nilijitapa mtaani kwetu Nkuhungu, Dodoma, kwamba hakuna gari laini kama langu. Jirani yangu akivuka tuta anakunja uso kama aliyemeza kwinini. Sisi tunavuka tukipepea. Tunapanda, tunashuka, tunapanda tena kidogo, halafu tena. "Hii ndiyo starehe," nilikuwa namwambia mke wangu, naye kimya, kang'ang'ania mkono wa mlango. Mtoto wetu wa mwisho akaanzisha mchezo wa kuhesabu midundo. "Tatu!" "Baba, hili nne!" Nikawa nampongeza kwa kujua hesabu.

Nikikanyaga breki, gari linainamisha pua utadhani linasujudu. Nikasema breki zangu kali. Usiku, barabara ya Singida, taa zangu zinapanda na kushuka, na kila lori ninalopishana nalo linaniwashia fuli. Mimi nikawa naitikia salamu. Nilifika nyumbani nikamsimulia mke wangu jinsi madereva wa malori wa njia ile walivyo waungwana.

Siku ya kuumbuka ilikuja na mama mkwe. Nilimfuata Manyoni na mtoto, akatoka na dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti, jogoo aliyefungwa miguu, na trei ya mayai 30 ya kienyeji. Nikashauri trei ikae nyuma na dumu.

"Hapana, baba. Mayai hayaachwi peke yake." Akaipakata.

"Mama, ondoa wasiwasi. Gari hili ni laini."

Tulikuwa tumeshapita Bahi, na mchele nimenunua, nilipoliona tuta nikiwa nimechelewa. Nikakanyaga breki, pua ikasujudu, tukaliparamia hivyo hivyo.

"Moja!" akaanza mtoto. Mama mkwe akapaa, kilemba kikagusa dari. "Mbili!" Yeye alishatua, trei ikawa bado iko hewani. "Tatu!" Jogoo akawika chini ya kiti, saa tisa alasiri. Nne na tano sikuziona, nilikuwa nahangaika na usukani. "Sita! Baba, sita! Hatujawahi!"

Nikaegesha. Kimya. Kiini kimoja kilikuwa kinateremka taratibu kwenye kioo cha mlango, na mama mkwe anakisindikiza kwa macho mpaka kikafika chini.

"Baba," akaniuliza kwa upole, "laini ndiyo hii?"

Mayai mazima yalibaki 11. Niliyahesabu mimi, kwa adabu.

Kesho yake nikaenda gereji. Fundi hakufungua hata boneti. Aliegemea kona ya nyuma ya gari kwa uzito wake wote, akaachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda, likashuka. "Bosi, gari zima likiachiwa linapanda mara moja, linatulia. Hili lako linacheza ngoma. Shokapu zimekufa."

Akanilaza chini nione. Shokapu ya nyuma imelowa mafuta, vumbi la Dodoma limeigandia kama unga kwenye andazi. Hapo nikapata upenyo wa kujitetea: hayo ni mafuta ya alizeti, dumu la mama lilivuja jana. Fundi akanitazama tu. Nikachovya kidole, nikaonja.

Alizeti haikuwa. Na dumu, mke wangu alinithibitishia kwa simu huku natema mate, lilikuwa limejaa mpaka kwenye kifuniko.

Fundi akanihurumia, akanieleza. Kinachobeba gari ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi. Ndani yake kuna mafuta yanayosukumwa yapenye kwenye vitundu vidogo, na ule ugumu wa kupenya ndio unaozuia gari lisinese ovyo. Yakishavuja, springi inabaki kama mtoto asiye na mlezi. Akachukua kiganja changu akakipitisha juu ya tairi: mabonde na vilima. Tairi lilikuwa linarukaruka badala ya kukanyaga lami, likalika vipandevipande. Alipoifungua ile shokapu, akaisukuma kwa mkono mmoja. Ikaingia bwete kama pampu ya baiskeli iliyokatika wosha, na haikutoka tena.

Nikapendekeza tubadilishe hiyo moja inayovuja. "Bosi, utavaa kiatu kipya mguu mmoja?" Zinakwenda jozi, kushoto na kulia. Za mbele zikakutwa nazo hoi, basi zikawa nne. Bei siitaji, mke wangu anasoma hapa.

Za mbele ndizo zilizonitisha. Kijana wa gereji alitaka kuwahi kufungua nati ya juu, fundi akamkemea mpaka nami nikarudi nyuma hatua tatu. Lazima springi inayoizunguka shokapu ibanwe kwanza kwa vibanio, maana ikifyatuka inaua. Baada ya hapo tukapima alaimenti, yaani mwelekeo wa matairi, nikarudi nyumbani.

Tuta la kwanza, mtoto akajiandaa. "Moja!" Akasubiri. Akasubiri tena. "Baba, wameliharibu."

Mwezi uliofuata nikamfuata tena mama mkwe, trei mapajani kama kawaida. Matuta yote nilivuka kwa madaha. Tulipofika nikalikagua yai moja moja mbele ya mke wangu: 30, hata ufa hamna. Nikamgeukia mama nipokee sifa zangu.

"Niliyachemsha yote kabla hujafika," akasema, akaingia ndani na jogoo wake.