Dagaa wa Mwaloni na mafuta ya kamba

Mfugaji wa sato akitamani kujaribu kamba wa maji baridi, ushauri anaoupata mapema ni kuongeza dagaa kwenye chakula. Ushauri huo una msingi. Sato hujitengenezea kolesteroli mwilini, kamba hawezi. Ni lazima aipate kwenye chakula, na ndiyo inayotengeneza homoni ya kumvua gamba. Asipojivua gamba hakui. Kolesteroli ikipungua, kamba hudumaa, au hukwama katikati ya kujivua na kufa. Mimea ina steroli (jamii ya kolesteroli) za aina nyingine, na uwezo wa kamba kuzigeuza una mipaka. Anayemlisha pumba na mashudu matupu anajitafutia hasara.

Mpaka hapo nakubaliana na watetezi wa dagaa. Tena dagaa ana zile omega-3 ndefu, mafuta ya samaki ambayo mafuta ya alizeti na ya pamba hayana kabisa.

Tunachotofautiana ni kiasi. Chakula cha kamba huwa na mafuta ya asilimia 5 hadi 8 hivi, na yakipita 10 mara nyingi ukuaji hurudi nyuma. Kwa kamba mkubwa wa maji baridi anayefugwa sana Asia, kolesteroli inayotosha ni kama gramu 300 hadi 600 katika kilo 100 za chakula. Omega-3 ndefu hazifiki hata gramu 100. Mwenye mahitaji makubwa ya omega-3 hizo ni kambamiti wa baharini. Tukichukua kanuni za kambamiti tukazileta Nyegezi au Sengerema, huku Mwanza, tutamwaga dagaa bwawani bure. (Kamba huyo wa Asia ni mgeni katika Ziwa Victoria, na vifaranga wake huhitaji maji yenye chumvi kiasi. Ziwa lililokwisha kupandikizwa sangara lina haki ya kuogopa wageni, na hilo peke yake linatosha makala nyingine.)

Husemwa pia kwamba dagaa wa mifugo si wale wa watu: ni waliolowa mvua wakiwa wameanikwa mchangani, ambao mama lishe hawezi kuwanunua pale Kirumba Mwaloni, soko la samaki jijini Mwanza. Hoja hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inajivunja yenyewe. Omega-3 ndefu ndizo za kwanza kuchacha. Dagaa aliyekaa siku mbili kwenye unyevu, akageuka rangi ya kahawia na kutoa harufu kali, amepoteza kile kile tulichomfuata, na mafuta yake yaliyochacha huharibu vitamini E katika chakula chote. Basi tuseme wazi: anayetaka mafuta mazuri ya dagaa atanunua dagaa mzuri, na dagaa huyo atamtoa kwenye sahani ya mtoto ambaye hana kitoweo kingine. Mimi sikubali mlo huo ugeuzwe kuwa kamba wa hotelini.

Upande wa mimea nao una kasoro. Kanda ya Ziwa ina mashudu ya pamba, lakini yana gosipoli, sumu inayolazimu kuyapima. Soya ni ghali zaidi, ila ina lesithini, inayomsaidia kamba kusafirisha mafuta mwilini. Ningeijenga sehemu kubwa ya chakula juu ya soya na alizeti, pamba kidogo.

Zile gramu chache za kolesteroli na omega-3 ningezitafuta kwenye viwanda vya minofu ya sangara. Mapanki, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, yaachwe, maana watu wanayakaanga na kuyala. Lakini utumbo wa sangara una mafuta mengi, na ubongo ulio ndani ya vichwa visivyonunuliwa una kolesteroli nyingi. Kazi ngumu ni kuvichemsha, kukamua na kukausha siku ile ile vinapotoka kiwandani, kwa sababu vikilala kwenye joto la Mwanza vitachacha kama dagaa wa mvua.