Wanafunzi 240 au shule nne?

Mtu anayejulikana hapa Mtwara kuwa anaelewa takwimu hawezi kuukwepa msimu wa tasnifu. Wanafunzi wa saikolojia, wa ualimu na wa maendeleo ya jamii humjia wakiwa na madodoso yaliyokwisha kujazwa na data zilizokwisha kuingizwa kwenye SPSS, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, na baada ya shikamoo huuliza swali lile lile: "Mwalimu, hapa nitumie jaribio gani?" Jaribio hapo ni hesabu ya kupima kama tofauti au uhusiano unaoonekana kwenye data unaweza kuwa wa bahati tu. Naliheshimu swali hilo, kwa sababu anayeuliza amekwisha kutambua kwamba kubofya peke yake hakutoshi. Hata hivyo nashikilia kwamba limechelewa kuulizwa, na kwamba sehemu kubwa ya jibu lake iliamuliwa siku mtafiti alipochagua shule atakazoingia, watu atakaowapa dodoso, na kama dodoso hilo litakuwa na namba ya kumtambulisha aliyelijaza.

Majedwali ya kuchagulia jaribio yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi hayana makosa makubwa. Yanasema kwamba ukilinganisha wastani wa makundi mawili utumie jaribio la t, makundi matatu au zaidi utumie anova, idadi za watu katika mafungu utumie kai-mraba, na uhusiano wa alama mbili utumie kipimo cha Pearson. Kisha, ikiwa data hazina mtawanyiko wa kawaida, yaani alama nyingi kukaa katikati na kupungua sawasawa pande zote mbili, uhamie kwenye majaribio yasiyodai hivyo: la Mann na Whitney, la Kruskal na Wallis, au la Spearman, ambaye mwenyewe alikuwa mwanasaikolojia. Yote hayo ni sawa. Ubaya ni kwamba jedwali humfanya mwanafunzi aamini kuwa mtihani mkubwa wa data zake ni huo wa mtawanyiko wa kawaida, akatumia kurasa tatu za sura ya mbinu za utafiti kuutetea, huku jambo linaloweza kuubomoa utafiti wake wote likikosa hata sentensi moja.

Niliondoe hilo la mtawanyiko kwanza. Jaribio la t lilibuniwa na William Sealy Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, aliyelichapisha mwaka 1908 kwa jina la kalamu la "Student", na alilibuni kwa sababu vipimo alivyokuwa navyo kiwandani vilikuwa vichache. Anayesema kwamba sampuli yake ni ndogo na kwa hiyo haruhusiwi kutumia t anaikataa kazi hasa ambayo chombo hicho kiliundiwa. Ni kweli kwamba sampuli ndogo yenye alama zilizopinda sana upande mmoja huleta matatizo. Lakini vipimo vya kukagua mtawanyiko, kama kile cha Shapiro na Wilk, vina tabia isiyotusaidia: sampuli ikiwa ndogo haviuoni mpindo ulio mkubwa, na sampuli ikiwa kubwa hupiga kelele kwa mpindo usio na madhara. Kuchora mchoro wa alama na kuutazama kwa macho kunatosha mara nyingi. Alama za kundi moja kusambaa zaidi kuliko za kundi jingine nako kuna dawa iliyopatikana tangu mwaka 1947, yaani marekebisho ya Welch. SPSS huchapa mistari miwili ya matokeo ya t, na ushauri wangu ni kusoma mstari wa pili, ambao ndio wa Welch, moja kwa moja bila kusubiri ruhusa ya kipimo cha Levene, kile kinachokagua kama makundi yanasambaa sawa.

Kosa jingine linalostahili kutajwa kwa ufupi ni la kuzikata alama. Dodoso la PHQ-9 la kupima dalili za sonona lina maswali tisa na hutoa alama kuanzia 0 hadi 27, na alama 10 hutumiwa sana kama mpaka wa kutilia shaka kwamba mtu ana sonona inayohitaji kuchunguzwa. Mpaka huo una maana kliniki. Katika utafiti, mwanafunzi anayewagawa watu kuwa "wenye sonona" na "wasio na sonona" ili apate kutumia kai-mraba, kwa kuwa ndilo jaribio analolijua, humtenganisha mwenye alama 9 na mwenye alama 10 kama watu wa hali mbili tofauti, halafu humweka huyo wa 10 kapu moja na mwenye 27. Taarifa alizozitafuta kijiji kwa kijiji anazitupa mwenyewe akiwa mezani.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike. Tuchukue mfano wa utafiti wa aina inayofanywa sana kwetu: mwanafunzi anataka kujua kama wanafunzi wa kidato cha nne wa mjini wana wasiwasi mkubwa wa mtihani kuliko wenzao wa vijijini. Anachagua shule mbili za Mtwara mjini na mbili za Tandahimba, na katika kila shule anapata wanafunzi 60. Anayo madodoso 240, anafanya jaribio la t lenye digrii za uhuru 238 (madodoso 240 ukitoa makundi mawili), anapata p, yaani kipimo cha jinsi matokeo yalivyo adimu kama tofauti haipo, iliyo chini ya 0.001 wakati mpaka uliozoeleka ni 0.05, na msimamizi anampongeza. Kila kitu kimefuata jedwali. Wala hakuna kisichokuwa cha kawaida katika mchoro wa alama zake.

Tatizo ni kwamba jaribio la t linachukulia kuwa kila dodoso limekuja na habari yake lenyewe, isiyotegemea habari ya dodoso jingine. Wanafunzi 60 wa shule moja hawako hivyo. Wana mwalimu mmoja wa hisabati, au wote hawana mwalimu wa hisabati. Wana mkuu wa shule mmoja mwenye namna yake ya kuuzungumzia mtihani pale mstarini asubuhi. Na huenda wote walijaza dodoso kesho yake baada ya matokeo ya moko kubandikwa ubaoni. Wasiwasi wao unapanda na kushuka kwa pamoja. Wakazi wa mikoa hii hawahitaji kufundishwa hoja hii, kwa kuwa wanaijua kutoka ghalani: anayetaka kujua ubora wa korosho za ghala zima hachoti korosho 60 kutoka gunia moja akaona amepima ghala, bali anapita akichota kidogo kidogo kutoka magunia mengi.

Ukubwa wa hasara hiyo unahesabika, na hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Leslie Kish, mtaalamu wa sampuli aliyefanya kazi Marekani, aliieneza kanuni hii miaka ya 1960: chukua idadi ya watu katika kila kundi, toa moja, zidisha kwa kiwango cha kufanana kwa watu wa kundi hilo, kisha ongeza moja. Tuseme kiwango cha kufanana ndani ya shule, ambacho 1 ni kufanana kabisa, ni 0.05, ambacho si kikubwa. Kwa wanafunzi 60 kila shule tunapata 59 mara 0.05 kuongeza 1, yaani 3.95, na 240 ukigawa kwa 3.95 ni kama 61. Madodoso 240 yanabeba habari ya wanafunzi takribani 61 waliochaguliwa kila mmoja peke yake. Ukali zaidi unakuja tukikumbuka kwamba umjini na ukijijini ni sifa ya shule nzima, si ya mwanafunzi mmoja mmoja ndani yake, kwa hiyo kinacholinganishwa hasa ni shule mbili kwa shule mbili. Jaribio la t la wastani wa shule hizo lina digrii za uhuru 2, ambapo t, namba inayotolewa na jaribio, inapaswa kuzidi 4.30 ndipo ifike kiwango cha 0.05, ilhali mwanafunzi wetu alikuwa akijipima kwa 1.97.

Tena Mann na Whitney hawamwokoi. Majaribio yanayoitwa huru na mtawanyiko wa kawaida hayako huru na sharti hili. Nayo pia yanataka kila mtu asimame peke yake. Ndiyo maana nasema kwamba mabishano yetu ya t au Mann na Whitney, ambayo nimeyasikia yakichukua nusu saa ya utetezi wa tasnifu, ni mabishano ya pembeni.

Mwanafunzi huyo huyo, kwa madodoso yale yale 240, angepata nini kama angekwenda shule 20 na kuchukua wanafunzi 12 kila shule? 11 mara 0.05 kuongeza 1 ni 1.55, na 240 ukigawa kwa 1.55 ni kama 155. Karatasi hazijaongezeka hata moja, lakini habari imezidi mara mbili na nusu. Kilichoongezeka ni nauli, na hapo naelewa kabisa ugumu wake, kwa sababu kutoka Mtwara mjini kwenda Newala, kisha Masasi, kisha Nanyumbu, ni safari za kulala njiani, na hakuna mwanafunzi niliyemwona akipewa fedha za kutosha kwa ajili hiyo. Asiye na nauli ya shule 20 si lazima aache utafiti. Abadili swali. Akiuliza kama wanafunzi wa bweni wana wasiwasi kuliko wa kutwa katika shule zile zile nne, au kama wasichana wanatofautiana na wavulana wanaokaa darasa moja, ulinganisho unafanyika ndani ya shule, na mwalimu mmoja, mkuu mmoja na ubao mmoja wa matokeo vinawagusa watu wa pande zote mbili. Swali hilo shule nne zinalimudu kwa kiasi kizuri, mradi matokeo yasitangazwe kuwa ya mkoa mzima.

Upo ndugu wa tatizo hili, nao ni wa vipimo vya kabla na baada. Mtafiti anawapima akina mama wa kijiji cha wakulima wa korosho mwezi Septemba, kabla ya minada kuanza, na kuwapima tena Januari. Jaribio linalofaa ni la t ya jozi, linalomlinganisha kila mama na nafsi yake, na lina nguvu sana kwa kuwa tofauti za kudumu kati ya mama mmoja na mwingine zinaondoka kwenye hesabu. Lakini mara kadhaa nimeletewa data ambazo madodoso ya Septemba hayawezi kuunganishwa na ya Januari, kwa sababu mtafiti aliahidi usiri na hakuandika chochote cha kumtambulisha mtu. Usiri haudai hivyo. Namba ya siri juu ya karatasi, na orodha ya majina iliyofungiwa mahali pengine, vingetosha. Bila namba hiyo jozi haipo tena, na hata stesheneri zinazochukua fedha za wanafunzi kwa "kuchambua data" haziwezi kuirudisha, ingawa zitakuchapia jedwali. Na hata jozi ikiwepo, kushuka kwa alama za sonona kati ya miezi hiyo miwili hakuthibitishi kazi ya fedha za korosho, kwa maana katikati hapo mvua zimeanza, sikukuu zimepita na watoto wanadaiwa sare za mwaka mpya. Jaribio limesema tu kwamba alama zimebadilika.

Kuhusu p yenyewe nitasema machache. Thamani ya p ya 0.03 haimaanishi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 3 kuwa nadharia tete ya kutokuwepo tofauti ni ya kweli. Inamaanisha kwamba, kama tofauti isingekuwepo na masharti yote ya jaribio yangetimizwa, matokeo yaliyo mbali kiasi hiki au zaidi yangetokea katika asilimia 3 ya tafiti za namna hiyo. Maneno "masharti yote" ndiyo yanayorudisha suala la shule nne: sharti likivunjika, p ni namba tu iliyochapwa vizuri. Mpaka wa 0.05 ulienea kutokana na vitabu vya Ronald Fisher, hasa kile cha mwaka 1925, ambamo aliupendekeza kwa ajili ya urahisi wa kazi. Chama cha wanatakwimu wa Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kikisisitiza kwamba uamuzi wa kisayansi usiegemee tu kwenye p kuvuka mpaka fulani. Na mwaka 2015 watafiti waliozirudia tafiti 100 za saikolojia zilizokwisha kuchapishwa waliripoti kwamba asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa na matokeo yaliyovuka mpaka huo, lakini ziliporudiwa ni asilimia 36 tu zilizovuka.

Kwa hiyo mwanafunzi aripoti ukubwa wa tofauti pamoja na mipaka yake ya uhakika, yaani namba ya chini na ya juu ambazo tofauti ya kweli inakadiriwa kuwa kati yake. Tuseme makundi mawili yanatofautiana kwa alama 1.8 za PHQ-9, mipaka ya asilimia 95 ikiwa kutoka -0.1 hadi 3.7, na p ikiwa 0.06. Sura nyingi za matokeo zingeandika "hakuna tofauti". Mipaka hiyo inasema kwamba tofauti inaweza kuwa sifuri na inaweza pia kukaribia alama 4, na kwamba utafiti haukuwa mkubwa kiasi cha kuamua. Upande wa pili, uhusiano wa 0.15 katika sampuli ya watu 240 utatoa p ya karibu 0.02, na mwanafunzi atasherehekea "uhusiano muhimu" unaoeleza asilimia 2 tu ya utofauti wa alama.

Wapo walimu wenzangu wanaoniambia kwamba haya ni makali mno kwa shahada ya kwanza, na kwamba tasnifu ni zoezi tu. Sikubaliani nao, kwa sababu zoezi ndilo linalojenga mazoea, na kwa sababu ninachodai hakigharimu fedha. Nadai kwamba andiko la utafiti lisisainiwe kabla msimamizi hajauliza shule au vijiji ni vingapi, madodoso yataunganishwaje, na jedwali la matokeo litakuwa na safu zipi, hata likiwa bado tupu. Na mwanafunzi aliyekwisha kukusanya data zake kutoka shule nne aruhusiwe kuandika waziwazi, bila kupunguziwa alama, kwamba tofauti aliyoiona kati ya mjini na kijijini ni ya shule mbili kwa mbili, na kwamba hawezi kutenganisha athari ya makazi na athari ya shule zenyewe.