Kazi imekwisha, na nyumba je? Mgogoro wa wasimamizi wa majengo New York

Msimamizi wa jengo la kupangisha mjini New York, yule ambaye wakazi humwita "supa", hupewa nyumba ndani ya jengo analolihudumia, mara nyingi ghorofa ya chini karibu na boila, mtambo wa kupasha jengo joto, na mapipa ya taka. Akiachishwa kazi, haki yake ya kukaa humo nayo hukatika. Sheria ya jimbo inamruhusu mwenye jengo kwenda Mahakama ya Nyumba bila hata ile notisi ya siku 10 wanayopewa wakaaji wengine wasio wapangaji.

Mwenye jengo ana hoja. Jengo la nyumba 9 au zaidi, ambalo yeye mwenyewe haishi humo, lazima liwe na mtunzaji anayekaa humo au jirani kabisa (mtaa mmoja au futi 200), la sivyo liwe na huduma ya utunzaji ya saa 24. Boila ikizimika usiku wa Januari, huyo ndiye anayeteremka. Aliyeachishwa asipotoka, mrithi wake alale wapi?

Hata hivyo mizani imeinama. Hakimu wa nyumba huangalia kama kazi imekwisha. Uhalali wa kufukuzwa huamuliwa kwingine, kwa mfano mbele ya msuluhishi ikiwa mfanyakazi yumo katika chama cha wafanyakazi kama 32BJ SEIU, cha wahudumu wa majengo. Kesi ya nyumba ikitangulia, mtu anaweza kurudishiwa kazi vyombo vyake vikiwa vimeshatolewa nje. Ombi la kwanza mahakamani liwe kusimamisha kesi hiyo hadi suala la kazi liamuliwe.

Karatasi nazo huokoa. Aliyekuwa mpangaji wa nyumba hiyohiyo kabla ya kuajiriwa atafute mkataba wa zamani na risiti: anaweza kudai kwamba upangaji wake haukufa. Mwenye jengo akipokea kodi baada ya kumwachisha, hundi hiyo yaweza kuwa ushahidi wa upangaji mpya wa mwezi kwa mwezi.

Kosa baya kuliko yote ni mwenye jengo kubadilisha kitasa. Kwa sheria ya jimbo ya 2019, kumfungia nje mtu aliyekaa siku 30 mfululizo bila amri ya mahakama ni jinai, tena kuna faini ya dola 1,000 hadi 10,000. Hata amri ikitoka, ofisa anayeitekeleza hutoa kwanza notisi ya siku 14.

Hakimu anaweza kuahirisha uhamisho hadi mwaka 1, lakini kwa sharti la kulipia ukaaji. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa mshahara umekatika. Bora mkataba wa ajira utaje tangu mwanzo siku za kuhama na fedha za kuhamia.