Mlezi asiachwe kwenye benchi

Mtoto aliyepatwa na kiwewe akipelekwa kwa mshauri nasaha, mara nyingi mambo huenda hivi: anaitwa ndani, mlezi anabaki kwenye benchi la nje akichezea simu. Saa moja baadaye mtoto anatoka, wanapanda daladala, safari ya nyumbani. Mimi naona kazi inaharibikia kwenye lile benchi. Mshauri anakaa na mtoto saa moja kwa wiki. Usiku wa manane, mtoto wa miaka kumi anaposhtuka kwa kelele au kulowanisha godoro, aliye karibu ni shangazi, na shangazi hajaelekezwa lolote. Atakachofanya ni kile alichofanyiwa yeye utotoni, yaani kumchapa au kumwaibisha mbele ya wenzake.

Msiba wa mzazi nauchukulia kama mfano kwa sababu ndio tunaoushughulikia vibaya zaidi. Watu wazima wanaliana mabegani, watoto wanafukuzwa wakacheze nyuma ya nyumba. Anayeuliza anaambiwa mama amesafiri. Lakini huyo mtoto amezunguka kwenye turubai siku nzima, kasikia yote. Asichopata ni mtu wa kumjibu, basi anajijibu mwenyewe: mama aliugua kwa sababu nilikuwa msumbufu. Anaweza kutembea na jibu hilo miaka na miaka, na nyumba nzima ikamwita mkaidi.

Kuna njia nyingine, na imeshajaribiwa hapa hapa kwetu. Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, mjini na vijijini, watafiti waliwafuatilia watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa kwa karibu. Watoto walikutana katika vikundi, vipindi 12, na walezi nao walikuwa na vipindi vyao. Tiba ilipoisha, dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua zaidi kwa walioipata kuliko kwa waliopata huduma za kawaida, katika maeneo matatu kati ya manne. Si muujiza, maana eneo la nne halikuonyesha tofauti hiyo, ila kwa nchi zenye madaktari wa akili wachache kama zetu, ni jambo kubwa.

Kinachonivutia hasa ni hatua ya mtoto kusimulia kifo chenyewe. Anaanza na mshauri, kidogo kidogo: nani alimpa habari, alikuwa amevaa nini, aliona nini hospitalini. Akishazoea kuyasema bila kutetemeka, ndipo anamsimulia mlezi wake. Na mlezi huandaliwa kwanza. Anafundishwa kusikiliza bila kumkatiza mtoto, wala kumwambia "usilie, wewe ni mwanamume". Baadaye wanaongea hata yale ambayo mtoto hayakumbuki kwa hamu, mathalani ukali wa baba alipokuwa amelewa. Kwetu marehemu hasemwi vibaya, najua, lakini mtoto hawezi kumlilia malaika asiyemfahamu.

Halafu tukumbuke shangazi huyo ni nani. Kafiwa na ndugu yake. Anapobadilisha mada kila mtoto anapomtaja baba, huenda si mtoto anayemkinga, ni yeye mwenyewe anayekimbia. Uchagani, kule Kilimanjaro, ambako kaburi mara nyingi liko kihambani, yaani shamba la nyumbani, kati ya migomba, familia inaweza kulipita kila asubuhi na hakuna anayethubutu kumtaja aliyelala pale. Kumtibu mtoto peke yake katika nyumba kama hiyo ni kumfundisha kusema, kisha kumrudisha mahali ambapo kusema ni mwiko.

Siisemi familia kama vile kila familia ni salama. Pale anayemuumiza mtoto anapokuwa ndani ya nyumba, hakuna cha kikao cha pamoja naye. Kwanza mtoto alindwe: simu ya msaada kwa watoto, namba 116, Tanzania na Kenya pia, dawati la jinsia na watoto polisi, afisa ustawi wa jamii. Mlezi wa kumshirikisha kwenye tiba atatafutwa kwingine, awe bibi, mjomba au mama mlezi.

Lakini kama wewe ndiye mlezi na nyumbani kwako ni salama, siku ukimpeleka mtoto muulize mshauri kabla hajafunga mlango: mimi vipindi vyangu ni lini? Akikushangaa, usirudi kwenye benchi. Muulize tena.