Tovuti ya Hisani ya Afya: Mgonjwa Kwanza au Mchangiaji?

Shirika la hisani la afya likiamua kusuka upya tovuti yake, mvutano huanzia ukurasa wa mbele. Wachangishaji fedha wanataka kitufe cha "Changia" kikae juu kabisa. Wanaohudumia wagonjwa wanaitaka nafasi hiyohiyo kwa namba ya msaada.

Wachangishaji wana hoja nzito. Bila michango hakuna muuguzi wa kupokea simu wala mhariri wa kuhakiki maelezo ya dawa. Na mchangiaji naye ni mgeni. Pengine amefiwa majuzi, na ukimzungusha kwenye fomu ndefu ataondoka.

Hata hivyo nasimama na mgonjwa. Aliyepewa majibu ya vipimo leo mara nyingi hapiti ukurasa wa mbele kabisa. Ameandika jina la ugonjwa kwenye Google, akatua ukurasa wa ndani, simu mkononi, roho juu. Dirisha la kuomba mchango likimfunikia maelezo kabla hajasoma mstari mmoja, tumemkosea. Mchango uombwe chini ya maelezo, akishapata jibu. Hapo hata kutoa hutoa kwa moyo.

Kuna pia ubishi wa kubomoa yote au kurekebisha kidogo kidogo. Marekebisho madogo ni nafuu, lakini hayaokoi menyu iliyopangwa kwa majina ya idara ambazo mgonjwa hazijui. Vilevile hayatoshi pale rangi zenyewe zilipokosewa. Mwongozo wa WCAG, yaani kanuni za kimataifa za kuwezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1, ilhali wabunifu wengi wanapenda kijivu hafifu. Kwa shirika la kisukari, ugonjwa unaoweza kuharibu macho, hilo halivumiliki.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alishauri mwaka 2000 kwamba kujaribu tovuti na watu watano hufichua kasoro nyingi. Nakubali, mradi watano hao wasiwe wafanyakazi wa ofisini: awepo mgonjwa mpya, anayemuuguza mzazi, na asiyeona anayetumia kisomaji skrini, programu inayomsomea maandishi kwa sauti.

Kubomoa kuna hatari yake. Anwani za zamani za kurasa zimechapwa kwenye vipeperushi vya kliniki, na zikifa, mgonjwa anakuta "ukurasa haupatikani". Kuelekeza kila anwani ya zamani kwenye mpya kuandikwe ndani ya mkataba wa mjenzi, na kukaguliwe kabla tovuti haijafunguliwa.