Someni kura kabla ya kusoma ukimya

Saa tatu na dakika arobaini usiku tulimtoa mchezoni dada mmoja wa Tanga. Tulikuwa saba tukicheza mchezo wa Mbwamwitu kwenye kundi la WhatsApp, wanakijiji watano na mbwamwitu wawili waliojificha katikati yetu, na siku ya kwanza ya kura ilikuwa inaelekea ukingoni. Dada huyo hakuwa ameandika neno tangu magharibi. Mmoja wetu akatupia methali: "Kimya kingi kina mshindo mkuu." Basi, ikatosha. Kura ya kwanza, ya pili, ya tatu nikapiga mimi, na ya nne ikaingia kabla ya yangu haijapata tiki mbili. Msimamizi akafunua kadi yake. Alikuwa mpiga ramli wetu, mwanakijiji ambaye usiku huruhusiwa kujua kwa siri kama mtu fulani ni mbwamwitu.

Kwao umeme ulikatika na simu ikazima, hakuna zaidi ya hapo. Na kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye: usiku wa kwanza, ambao kwa kanuni zetu hakuna anayeliwa, alishapiga ramli yake na kumwona mbwamwitu mmoja, kaka yetu anayecheza kutoka Muscat, yule yule wa kura ya nne. Aliyetolewa haruhusiwi kusema. Akakaa na siri yake akitutazama tunavyoliwa. Siku ya pili tukamtoa mwingine asiye na hatia, tukabaki wanne, nusu yetu mbwamwitu, na wakishafika nusu wameshinda, mchezo ukaisha.

Nimecheza mara nyingi tangu siku ile na msimamo wangu umezidi kukaza. Kijiji hakimalizwi na ujanja wa mbwamwitu. Kinamalizwa na wanakijiji wanaoshuku tabia za watu wakaacha kuchunguza matendo yao.

Kwa ambaye hajawahi kucheza: mchezo huu ulibuniwa Moscow miaka ya 1980 na Dimitry Davidoff, mwanafunzi wa saikolojia, akauita Mafia. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin akawatoa majambazi akaweka viumbe ambao mchana ni watu na usiku ni mbwamwitu. Usiku wanakula mtu mmoja, mchana kijiji kizima kinapiga kura kumtoa mtu mmoja. Kiini chake hakijabadilika: wachache wanaojuana dhidi ya wengi wasiojuana.

Hiyo "wasiojuana" ina gharama kubwa kuliko tunavyodhani. Chukua watu saba, mbwamwitu wawili, hakuna mpiga ramli wala mganga (anayemkinga mtu usiku asiliwe), na kila kura inapigwa kwa kubahatisha tu. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu: kijiji kinashinda mara 8 katika kila 35. Ukikosea kura ya kwanza, mnaamka watano huku wawili ni mbwamwitu, na nafasi inashuka hadi 2 katika 15. Kwa hiyo anayesema "tumtoe yeyote tu, siku ya kwanza haina ushahidi" anachezea karibu nusu ya matumaini ya kijiji.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu wanaikataa kila ninapoileta. Mkiwa wanne na mbwamwitu amebaki mmoja, kutompigia mtu yeyote kura ni bora kuliko kupiga kwa kubahatisha. Mkipiga, mna nafasi 1 katika 4, na mkikosa mmekwisha. Mkiacha, usiku analiwa mmoja, mnaamka watatu, na sasa nafasi ni 1 katika 3. Lakini mtu akisema "jamani, leo tusitoe mtu" anashukiwa papo hapo, eti anamlinda mwenzake.

Sasa, kura zinasomwaje? Mwanakijiji anapiga kura akiwa gizani. Anaweza kubadilisha mawazo mara tatu kwa saa moja, na hilo si kosa. Mbwamwitu anajua kila anayempigia ni nani, kwa hiyo hakuna kura yake ambayo ni ya kubahatisha. Angalia nani huja mwishoni, wakati uamuzi umeshakaribia na lawama imeshagawanywa kwa wengine. Angalia pia kura ambayo haikufika: nani alimsema mtu vibaya kutwa nzima, kisha saa ya kupiga kura akaelekea kwingine?

Kwenye mkeka sebuleni, mambo haya yanapotea. Unabaki na macho ya mtu, sauti yake, namna anavyocheka. Mtandaoni huna uso wa mtu, ila una kitu bora: kila neno limeandikwa na saa yake ipo pembeni. Unapandisha juu na kusoma upya. Badala yake watu wanahesabu nani ameonekana "anaandika..." kisha akafuta, nani amesoma bila kujibu. Huyo huenda anapika. Huenda bando limeisha.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu sisi tunajua shaka isiyo na ushahidi inaishia wapi. Mwaka 2015 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku waganga wa ramli chonganishi, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Usukumani kuna bibi vizee waliouawa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Mchezo ni mchezo, na hakuna anayezikwa tukimaliza. Lakini ninapoona watu sita wakikimbilia kumtoa mtu kwa sababu "simwelewi elewi huyu", moyo wangu unakataa kabisa.

Dawa nimeikuta kwenye methali nyingine: mchawi mpe mwana amlee. Ukimshuku mtu, usimtoe haraka. Mpe jukumu mbele ya watu wote.

Tulifanya hivyo mwezi uliopita. Tulianza saba tena, tukafanikiwa kumtoa mbwamwitu mmoja, na baada ya mganga kuokoa mtu usiku wa tatu tukaamka wanne: mimi, mwanafunzi wa Arusha, mama mmoja wa Mombasa, na kijana mwenye maneno mengi aliyekuwa anamkazania mama huyo tangu asubuhi. Nikaomba tusipige kura siku ile. Nikamwambia mama, "Shikamoo mama. Tunakushuku, lakini hatukutoi. Tutajie mmoja unayemwamini na mmoja unayemshuku, na sababu yake."

Akajibu, "Marahaba mwanangu. Namwamini huyu mwanafunzi. Namshuku huyu anionyeshaye kidole. Siku mbili hizi kura yake yaja ya mwisho. Hebu pandisheni juu mtazame."

Tukapandisha. Siku ya kwanza, ya mwisho. Siku ya pili, ya mwisho, dakika nzima baada ya uamuzi kupita. Maneno yake yalikuwa mengi kuliko ya sisi watatu tukijumlishwa, ila hakuna alichokianzisha. Usiku ule akaliwa mwanafunzi, ambaye ndiye alikuwa mganga. Asubuhi mimi na mama tukapiga kura mbili, na kadi ikafunuliwa: mbwamwitu.

Tangu hapo nimemwomba msimamizi wetu aongeze kanuni mbili, naye amekubali. Kila kura iambatane na sentensi moja ya sababu, na kura isifungwe kabla kila aliye hai hajasema walau mara moja, hata ikibidi kusubiri hadi kesho yake.

Dada wa Tanga amerudi kundini. Jumamosi iliyopita umeme ulikatika tena kwao, saa tatu na kitu. Mmoja akaandika, "Yuko kimya." Mwingine akamjibu, "Tunasubiri." Tukasubiri hadi saa tano kasorobo, alipoingia na kuandika kwamba amechaji simu kwa jirani, na kwamba kuna jambo anataka tulisome juu kule, la saa kumi na moja jioni.