Wabane pesa za wanaodai cheti cha chanjo, wasiguse rejista

Naunga mkono pendekezo la makala kwamba serikali iwanyime pesa wanaomdai mtu cheti cha chanjo kabla ya kumhudumia, ila kwa sharti. Makala imeeleza jinsi magavana wa Texas na Florida, Aprili 2021, walivyowaambia wanaotaka fedha za jimbo wasimdai mteja cheti cha chanjo ya korona. Hapo sina ugomvi. Kenya tuliona mwaka uleule: Wizara ya Afya ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa hatapata huduma za serikali, mpaka Mahakama Kuu ikasimamisha. Mama mwenye mulika mwizi angekipakua wapi hicho cheti?

Lakini kukataza watu kudaiwa cheti ni jambo moja, kuinyima pesa rejista ya chanjo, yaani kumbukumbu za nani amechanjwa nini, ni jingine kabisa. Kitabu cha kliniki kikilowa mvua hadi maandishi yafutike, muuguzi atajuaje kama mtoto alipata dozi ya pili ya surua? Chanjo ya homa ya manjano siku hizi ni ya maisha, lakini kadi ikipotea na hospitali haina kumbukumbu, msafiri anadungwa upya. Pesa za rejista ziachwe, na kila aliyechanjwa apewe nakala ya karatasi bure akiiomba.